Kura ya Emmett Kosko

Ijumaa za Kwaresima, ukimtaka mtu wa mtaa wetu wa Brennock usijisumbue kwenda kwake. Shuka ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Prokop, panga foleni ya samaki, atakukuta hapo hapo. Mafuta yanachacharika, kabichi na tambi zinanukia siagi, akina mama wanazozana jikoni, na habari za mtaa mzima zinapita mkono kwa mkono kama chupa ya siki.

Hapo ndipo Lida Hornak alipokutana na Emmett Kosko.

Lida alivaa koti jekundu la sufu lililoanza kuchakaa kwenye kola, nywele kazibana kwa kalamu. Alikuwa nesi wa hospitali ya mlimani mpaka ilipofungwa. Sasa alikuwa anatafuta sahihi mia tano ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura, agombee ubunge wa jimbo kwa tiketi ya chama kidogo ambacho nusu ya foleni ile haikuwahi kukisikia. Emmett, fundi wa lifti mwenye mabega ya kubeba mlango, alikuwa upande wa pili wa meza, aproni imejaa unga, anakaanga.

"Kaka, naomba sahihi yako."

"Dada, mikono yangu ina unga."

"Hata ya unga naipokea."

"Na nikikupa, mimi napata nini?"

"Hospitali."

Tabasamu likamfutika Emmett. Mwaka mmoja nyuma mama yake alikata roho ndani ya gari la wagonjwa, juu ya daraja, magari yameganda mbele na nyuma, akikimbizwa hospitali ya ng'ambo kwa sababu ile ya mlimani ilikuwa na kufuli. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaandika jina lake. Lilikuwa la kwanza kwenye karatasi.

"Samaki wako ni wa bure," akasema, akimsogezea sahani. "Usimwambie mtu."

"Nimeshasikia!" akapaza sauti Bi Theodora kutoka jikoni.

Na Bi Theodora akisikia, Brennock imesikia.

Kwetu, mtu akiweka kiti cha jikoni barabarani mbele ya nyumba yake, nafasi ile ya kuegesha gari ni yake, na hakuna mwendawazimu wa kukigusa. Kufikia Pasaka, Emmett aliweka kiti cha njano mbele ya nyumba yao, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba nafasi ile ni ya Lida. Bi Theodora akampigia dada yake simu. "Huyo kashaoa," akasema. Mwezi wa saba akina mama walikuwa wanagombana ni nani ataoka biskuti za njugu kwa meza ya harusi.

Kiangazi kizima wawili wale walizunguka mlango kwa mlango, Lida na koti lake mkononi, Emmett amebeba mabango.

"Unatembea kama bibi kizee," Lida alimtania kwenye ngazi za mlimani.

"Mimi nimezoea lifti, asali wangu. Ngazi ni za watu waliokosea maisha."

Milango yote ilifunguka, keki zikatoka, mabango yakasimikwa uani. Na kila mlango ulikuwa na wimbo ule ule wa wagombea wa vyama viwili vikubwa: Tulley, mbunge wa siku zote, na Voss, mpinzani wake.

"Lida mwanangu, wewe ndiye mwenye akili kuliko wote," Bi Theodora alimwambia. "Ungekuwa na nafasi ya kushinda, kura yangu ningekupa leo."

"Sasa hiyo nafasi nitaitoa wapi, Bi Theodora, kama kila anayenitaka ananinyima?"

"Je, Voss akipita? Yule atauza mpaka kengele ya kanisa."

"Na Tulley? Miaka kumi na minane mnampa. Walipofunga hospitali alikuwa wapi?"

"Hakuonekana, mwanangu. Kweli hakuonekana."

"Kwa nini aonekane? Anajua mkimwogopa Voss mtampa yeye tu. Mtu unayempa bila yeye kukutolea jasho, atakukumbuka kwa lipi?"

Bi Theodora akacheka, akamfungia keki nyingine.

Majani yalipoanza kupukutika, karatasi za chama cha Tulley zikaletwa kila nyumba: kumpa Hornak ni kumpa Voss. Mzee Kosko, baba yake Emmett, mtu wa chama cha wafanyakazi tangu ujana wake kiwandani, aliibandika ya kwake kwenye jokofu. Jioni ile Lida aliiona wakati anachukua maziwa. Alingoja mpaka mzee alipokwenda kulala kitini.

"Emmett, nitashindwa. Hilo nalijua."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Siombi kushinda. Nataka watu wanaoitaka hospitali wahesabiwe. Tukifika hata elfu mbili, safari ijayo wale wakubwa watakuja kutubembeleza. Tusipojionyesha, hatupo." Akamshika kidevu. "Wote wakininyima, wewe usininyime."

"Jina langu lilikuwa la kwanza, mpenzi. Litakuwa la kwanza tena."

Siku ya uchaguzi ilinyesha mvua nyembamba ya kukera. Saa nne asubuhi Lida alimpigia.

"Umeshapiga?"

"Nimepiga, nimerudi kazini."

"Umenipa?"

Kule alikokuwa, kengele ya lifti ililia, mlango ukafunguka, ukajifunga.

"Ningempa nani mwingine, asali wangu?"

Uchaguzi ukiisha, mashine hutoa ukanda mwembamba wa karatasi wenye hesabu za kituo kile tu, na ukanda huo hubandikwa mlangoni, kila mtu ausome. Lida aliishi ng'ambo ya daraja na alipigia kura kwao. Asubuhi iliyofuata alishajua kwamba ameshindwa, kwamba Tulley amepita kwa tofauti ya kura elfu nne. Hata hivyo akaja mpaka mlango wa ukumbi wa Mtakatifu Prokop, kituo namba nne, kituo cha mtaa wa Emmett. Alitaka tu kuiona ile kura moja ya Emmett. Akaufuata ukanda kwa kidole.

Tulley, mia moja sitini na tatu.

Voss, arobaini na nane.

Hornak, sifuri.

Akarudia kusoma kutoka juu. Bi Theodora alikuwa anatoka na masinia yake, akamwona, akausoma ukanda naye, akayaweka masinia chini.

"Mwanangu... mimi nilijua Emmett atakupa. Nikasema wewe unaye Emmett, yangu acha nimzuie nayo Voss."

Lida akapanda mtaa kwa miguu.

Emmett alikuwa nje, amevaa koti la suti na tai ya bluu, kanyoa, anapangusa kile kiti cha njano. Alikuwa amepanga kwamba leo, Lida ashinde ashindwe, atamvisha pete. Alipomwona usoni akaacha kupangusa.

"Nimetoka kusoma ukanda," Lida akasema.

Kitambaa kikamdondoka. "Lida, nisikilize. Nilishika kalamu. Nililiona jina lako, mkono ukawa unakwenda kwako kabisa. Baba akakohoa nyuma yangu kwenye foleni. Nikamwona Voss anapita kwa kura moja, na hiyo moja ni yangu. Nikasema wapo watu mia mbili hapa, wana mabango yako uani. Wao watakupa."

"Na wao wakasema yupo Emmett."

Emmett akakiokota kitambaa.

"Tulley kapita kwa elfu nne," Lida akasema. "Yako hata hakuihitaji. Niliyeihitaji ni mimi. Na mama yako."

"Usimtaje mama."

"Nani amtaje, Emmett? Jana ilikuwa zamu yako kumtaja."

Emmett akatoa kisanduku cha pete mfukoni. Lida akakifumbata ndani ya ngumi ya Emmett kwa mikono yake miwili, taratibu, kama maiti anavyofumbwa macho.

"Kushindwa nimezoea, ningecheka. Lakini kuwa sifuri kwenu? Na kwenye simu ile ukanidanganya?" Akaibusu ile ngumi. "Kaa salama, mpenzi."

Kabla ya Krismasi Lida alipata kazi ya unesi Ohio, akahama. Biskuti za njugu hazikuokwa. Sisi wa kituo namba nne tulipokutana kwenye samaki tulizungumza hali ya hewa, kila mmoja akimwogopa mwenzake machoni, kwa sababu wote tulikuwa tumemwahidi na wote tuliuona ukanda. Hospitali ilibomolewa, ikawa uwanja wa kuegesha magari. Tulley alituma salamu za sikukuu.

Miaka miwili ikapita. Safari hii karatasi ilikuwa na majina mawili tu, Tulley na mwingine wa upande wa Voss, na chini yake mstari mtupu kwa anayetaka kuandika jina la mtu mwingine. Asubuhi baada ya uchaguzi ukanda ulibandikwa mlangoni. Chini kabisa ulisema: majina yaliyoandikwa kwa mkono, moja.

Mchana haujafika, simu ya Lida ikaita.

"Lida."

"Emmett."

"Bi Theodora kakutumia picha ya ukanda?"

"Tatu. Zote zimetikisika."

Wakacheka kidogo.

"Baba alikuwa nyuma yangu tena," Emmett akasema. "Akakohoa."

"Ukafanyaje?"

"Nikaandika jina lako kwa herufi kubwa."

Alimsikia Lida anavuta pumzi.

"Kiti bado kiko nje, Lida. Hakuna aliyekigusa."

"Najua. Nako huku sasa nina mtu, Emmett. Kiingize ndani, kitaoza."

"Moja ni kidogo. Najua."

"Siyo kidogo," akasema Lida. "Siku ile, moja ingenitosha."

Simu ilipokatika Emmett alitoka na viatu vya ndani, akakibeba kile kiti cha njano, akakirudisha jikoni. Saa sita mchana ilipogonga kanisani, gari la mtu mwingine lilikuwa limeshaegeshwa pale.