Mkono wa Kusindikiza

— Umechota tena! Kocha akalalamika. Ukiugonga tu, unakunja kifundo cha mkono kama mtu anayechota maji. Mpira hauna kiu, Nesi!

Mpira wa gofu ulibingirika kidogo tu, ukalala nyasini.

— Nishike basi unioneshe.

Kocha akasimama nyuma yake, akamshika kifundo cha kushoto. Jamani, Nesi aliishi kwa ajili ya mkono huo wa Jumamosi! Wiki nzima wodini hupima mapigo ya moyo ya watu. Ya kwake hana wa kumpimia.

— Mikono itangulie, kichwa cha fimbo kifuate. Kifundo kinyooke mpaka mpira uondoke. Halafu usikate, usindikize! Mikono ipande hadi begani.

— Kitendawili, Nesi akasema.

— Tega.

— Kimeshaondoka, mkono bado unakisindikiza.

— Mpira wa gofu!

— Umekosa. Nipe mji.

— Chukua huu huu tunaokaa.

— Nikiuchukua, utalala wapi?

Wakacheka. Simu ikalia mfukoni mwa Nesi. Shangazi alikuwa ameandika: "Mwanangu, waposaji wameshakaa. Ukinyamaza nitajua umekubali."

— Kuna nini? Kocha akauliza.

— Naposwa. Nikiolewa, leo ndiyo mwisho wa kuja.

Kocha akamwachia mkono.

— Mimi nilikuwa...

Akajifanya anahesabu mipira.

— Hongera.

Hongera! Nesi akaweka mpira mwingine, macho yamejaa machozi. Kwa hasira akasahau kuchota. Mikono ikatangulia, kifundo kikanyooka, mpira ukaondoka ukipiga mluzi, na fimbo ikapanda yenyewe hadi begani.

Ndipo akashtuka. Amejifichua!

— Hivyo ndivyo unavyopiga nikienda kuchukua mipira bandani, Kocha akasema taratibu.

— Unaniona?

— Tangu mvua zilipokatika. Banda la mipira lina dirisha.

— Na bado unanishika mkono unanifundisha!

— Nikikwambia umeiva, si utaondoka?

— Mwongo mkubwa wewe!

— Na wewe unayechota makusudi je?

Nesi akafuta machozi.

— Basi malizia. "Mimi nilikuwa" nini? Watu unawafundisha kusindikiza, maneno yako unayakatia njiani!

Kocha akavuta pumzi.

— Nilikuwa nakupenda. Nakupenda hata sasa. Ukiondoka, mkono huu utabaki hewani maisha yangu yote.

— Haya, kitendawili umekitegua.

Simu ikaita. Nesi akapokea.

— Shangazi, waombe radhi wageni. Jibu ni hapana.

— Makubwa! Kuna mwingine?

Nesi akamkabidhi Kocha simu.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba. Nani wewe?

— Anayemfundisha gofu. Naomba nije nyumbani kuzungumza.

— Kumbe ni wewe! Miezi yote hiyo, huyo mtoto hajajua gofu tu?

Nesi akamshika Kocha kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa. Mapigo yalikuwa yanakimbia mbio.

— Alishajua zamani, Shangazi, Kocha akajibu. Mwanafunzi mzito nilikuwa mimi.