Imondo ya Lusweti

Jumapili baada ya ibada, boma la Lusweti kule Kabras lilikuwa limetulia. Miwa ilikuwa imesimama hadi karibu na ukuta wa jikoni, kuku kumi na wanne walikuwa wakichakura uani, na mwenyewe amekaa barazani akingoja kula. Mkewe, Pascalia, alimletea obusuma, ule ugali wa kwao, na mchuzi wa kuku, na juu yake imondo, ile firigisi ambayo kwao ni ya mwenye mji peke yake. Binti yao Mitchel, wa miaka miwili na nusu, aliketi chini na kipande cha obusuma na kikombe cha chai ya rangi. Mashavu yake yalikuwa yamejaa na tumbo limetokeza. Lusweti alimtazama akaridhika.

"Ona vile amenona," alisema. "Anakaa mtoto wa mbunge."

"Baba Mitchel, siku hizi hachezangi. Ni kulia tu," Pascalia alisema. "Na nywele zimekuwa nyekundu. Wacha nimchemshie yai moja."

"Yai? Mtoto akikulanga mayai anachelewa kuongea. Mama yangu hakutupatianga, na si tuko hai? Hizo kuku ni za wageni."

Ndugu zangu, mila ya kuwanyima wanawake na watoto kuku wengi wenu mliitupa zamani, na mlifanya vyema. Lusweti aliishika kwa sababu ilimjazia sahani. Tena kijishamba cha maharagwe kilichokuwa nyuma ya jikoni, ambacho kilikuwa kikimlisha huyo mtoto, alikuwa amekifyeka mwaka uliopita ili aongeze mistari minne ya miwa. Minne tu! Nikikumbuka hilo natamani kumzaba kibao hata leo.

Jumatano alikuja Beverly, mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba. Alimpima Mitchel mkono kwa utepe, kisha akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akatulia kidogo, akaachilia. Kishimo kikabaki pale pale. Lusweti alikiona, akageuza macho upande wa miwa.

"Huku si kunona, Baba Mitchel. Ni maji yamejaa mwilini. Mtoto ako na utapiamlo."

"Utapiamlo kwa mji wangu? Umeona magunia ya mahindi kwa stoo? Huyu anakulanga mpaka anashiba!"

"Anashiba lakini hajengeki," Beverly alisema. "Mwili unajengwanga na vitu vidogo vinaitwa asidi amino. Chukulia ni matofali. Ziko aina ishirini, na tisa mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwa chakula. Mahindi iko nazo, lakini zingine ni kidogo sana, na ukikosa aina moja tu, ukuta unasimama hapo. Maharagwe ndiyo iko na zile zimepungua kwa mahindi, ndiyo maana ukipika pamoja zinasaidiana. Yai iko na zote tisa."

Pascalia aliinama akamtazama mtoto. "Basi nimpatie yai leo?"

"Imepita hapo, Mama Mitchel. Huyu aende hospitali. Leo, si kesho."

Lusweti akawa mbogo. Ugonjwa wenyewe haukuwa umemuuma bado. Kilichomuuma ni kuambiwa mbele ya mkewe kwamba nyumba yake ina njaa.

"Msichana wa juzi unanifundisha kulea? Toka kwangu!" Alipoona Pascalia ameshika leso ya kumbeba mtoto, akasimama mlangoni. "Na wewe, ukitoka na huyo, usirudi."

Pascalia aliiweka leso chini. Msimlaumu haraka, hakuwa na kwingine kwa kwenda na nyinyi mnajua wanawake wangapi mmewaweka hapo. Lakini Ijumaa mtoto alikataa hata maji, ngozi ya miguu ikaanza kuambuka. Lusweti alipokwenda shambani, mama alimbeba mgongoni, akapanda pikipiki bila kuaga. Hospitalini walimpokea mbio na wakampigania siku tatu. Jumatatu asubuhi Mitchel akafa.

Lusweti alipigiwa simu akiwa katikati ya ile mistari minne. Alikaa chini kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza akakikumbuka kile kishimo mguuni. Alikuwa amekielewa siku ile ile. Hilo ndilo lililomtafuna, kwamba alielewa na bado akasimama mlangoni.

Waombolezaji walijaa uani, nao watu wakija lazima wale. Kuku wote kumi na wanne walichinjwa. Wazee walipokuwa wameketi na sahani zao, Pascalia alikuja mwenyewe akamwekea mumewe yake. Imondo ilikuwa juu, mahali pake pa siku zote.

"Kula, Baba Mitchel," alisema, na hakupunguza sauti. "Ulisema ni za wageni. Wageni ndio hawa wamekuja."

Wazee wakaacha kutafuna. Lusweti aliitia imondo mdomoni kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Akaitafuna, akaitafuna, isimezeke. Mwishowe akaitema kiganjani, akabaki ameishika, na hakuna aliyemwambia pole.

FUNZO

Tumbo kushiba si mwili kupata chakula. Mtoto anayelishwa mahindi matupu anaweza kushiba kila siku na bado akafa. Mpikie na maharagwe, mpe yai la kuku anayetembea mbele yake. Ukiona miguu imevimba na nywele zimebadilika rangi, usimsifu kwamba amenona, mpeleke hospitali. Na wewe baba unayeketi na imondo huku mwanao akichovya obusuma kwenye chai, sahani hiyo mkabidhi yeye leo, angali na meno ya kuitafuna.