Profesa na Mikono Minne

Kila asubuhi ya likizo, Profesa alifungua madirisha ya karakana ya shangazi yake, akafagia maranda ya mbao, kisha akachukua kitambaa laini na kuanza kuwapangusa miungu. Alianza na sanamu za Buddha kwa sababu hazikuwa na usumbufu. Mikono miwili tu, miguu imekunjwa, uso umetulia, unapangusa, unamaliza. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, alichukua muda kidogo, maana vumbi lilipenda sana kukaa juu ya tumbo lake. Aliyemtoa jasho hasa alikuwa Durga, mungu wa kike mwenye mikono kumi, na kila mkono umeshika kitu.

"Mama, hata kimoja usingeweza kukiacha nyumbani?" Profesa alimwuliza kila siku, huku akiingiza kitambaa katikati ya mkuki na upanga.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alibandikwa na dada yake kwa sababu hakuna swali lililowahi kumpita bila kupata jibu. Na kusema kweli, mengi aliyajua. Alijua kwamba Buddha anapogusa ardhi kwa vidole anaiita ardhi iwe shahidi wake, na anapoinua kiganja anamwambia mtu asiogope. Alijua kwamba ua la yungiyungi huwekwa mikononi mwa miungu kwa sababu huota kwenye tope na bado hutoka safi. Wateja walipoingia aliwaeleza yote hayo kabla hawajamaliza kusalimia.

Tabu ilikuwa moja: asilolijua alilieleza kwa sauti ileile. Juzi tu mteja mmoja aliuliza kwa nini masikio ya Buddha ni marefu vile.

"Ili asikie vizuri," Profesa alijibu papo hapo.

"Muongo huyo," Shangazi alisema kutoka kwenye benchi lake. "Buddha alizaliwa mwana wa mfalme. Masikio yalivutwa na vipuli vizito vya dhahabu. Alipoacha utajiri, vipuli aliviacha, masikio yakabaki vile."

"Na akasikia vizuri pia," Profesa aliongeza. Hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi.

Shangazi alikuwa fundi wa sanamu tangu ujana wake. Hakuchora wala kupima kwenye karatasi. Kila kitu kilikaa kichwani. Siku hizi alikuwa akisahau vitu vidogovidogo, hasa miwani yake, ambayo kwa kawaida alikuwa ameivaa. Mafundi wa karakana za jirani walimtania, naye alicheka pamoja nao. Lakini kwenye mbao hakuwahi kukosea, na hilo ndilo lililomtembeza kifua mbele.

Asubuhi hiyo, katikati ya karakana, ilisimama kazi kubwa kuliko zote za mwaka: Vishnu wa mbao, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, mrefu kumpita Profesa, rangi yake ya buluu imekauka vizuri. Alikuwa na mikono minne, miwili ya juu na miwili ya chini. Katika mikono hiyo Shangazi alikuwa amechomeka vitu vinne: ua la yungiyungi, kombe kubwa la baharini linalopulizwa kama baragumu, gurudumu lenye makali, na rungu. Vilikuwa vimechomekwa tu, bado havijagandishwa. Jioni Mzee wa Hekalu, aliyeiagiza sanamu hiyo, angekuja na gari kumchukua.

"Nakwenda kununua gundi," Shangazi alisema, akitafuta miwani iliyokuwa puani. "Pangusa wengine wote. Huyu usimguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Usimguse hata kwa ukucha. Ukivuruga tena kitu humu, likizo unaimalizia nyumbani ukichambua maharage."

Profesa alikusudia kabisa kutii. Kosa ni la maranda. Aliona vipande viwili vitatu vimenasa kwenye kiganja cha Vishnu, hapo hapo penye rangi mpya, vinamwangalia. Alipuliza, havikutoka. Alipuliza tena, vikahamia kiganja kingine. Basi akachomoa kile kitu cha kwanza ili apanguse vizuri, na alipoona viganja vingine navyo si safi, akachomoa vyote. Alivilaza mezani, akapangusa viganja vinne vikang'aa, akarudi nyuma kuitazama kazi yake kwa furaha.

Kisha akavitazama vile vitu mezani, na furaha ikamtoka yote.

Alikumbuka kwamba ua na kombe vilikuwa upande wa kulia. Gurudumu na rungu vilikuwa kushoto. Hapo hakuwa na wasiwasi. Lakini kipi kilikuwa juu na kipi chini? Alijaribu rungu chini, likaingia. Alijaribu rungu juu, likaingia pia. Shangazi alitoboa matundu yote sawa, kwa hiyo kila kitu kilikubali kila mkono, na Vishnu mwenyewe alitabasamu tu.

Mtu mwingine angesubiri na kusema amesahau. Profesa akaamua kutumia akili.

Dada yake alipoingia na chakula cha mchana, alimkuta amekunja mikono mbele ya sanamu, uso umejaa ushindi.

"Mbona kama amebadilika?" Dada aliuliza. "Nilipopita asubuhi gurudumu lilikuwa juu."

"Huwezi kuwa umeliona juu. Gurudumu hukaa chini," Profesa alisema. "Umewahi kuona gari lenye magurudumu juu?"

"Gari lililopinduka."

"Acha utani. Rungu lazima liwe juu, tayari kupiga. Ua liko juu ili watu walione. Kombe liko chini, maana ukilipuliza karibu na sikio lako unalitoboa mwenyewe."

Dada aliinamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili. "Mimi sioni kama mtu anaweza kusimama hivyo bila kuchoka."

"Anaweza. Njoo nikuoneshe."

Walitumia vilivyokuwepo. Dada alisimama mbele, Profesa akapanda juu ya kigoda nyuma yake na kupenyeza mikono pembeni, ikawa mikono minne ya mtu mmoja. Profesa aliinua mwiko wa chakula badala ya rungu, na kwa mkono wa pili brashi kubwa ya rangi badala ya ua. Dada alishika kikombe badala ya kombe, na mfuniko wa sufuria ukawa gurudumu. Wakasimama wima, wakajitahidi kutabasamu kwa utulivu wa kimungu. Mchuzi kutoka kwenye mwiko ukaanza kumdondokea Dada sikioni.

"Usitikisike," Profesa alinong'ona.

"Unaniunguza!"

"Vishnu halalamiki!"

"Hodi hapa," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Mzee wa Hekalu. Alikuwa amekuja mapema. Alilitazama lile jitu lenye mikono minne, vichwa viwili na sikio lenye mchuzi, akavua kofia taratibu.

"Shikamoo, Mzee," vichwa viwili vilisema kwa pamoja.

"Marahaba," Mzee alijibu, akijikaza asicheke. "Ninyi ndio niliowaagiza, au yupo mwingine?"

Kisha aliigeukia sanamu yenyewe, akakutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Alipokiinua, kicheko kilikuwa kimemwisha usoni. Alikwenda kulia, akaenda kushoto, akarudi katikati.

"Huyu siye," alisema.

"Ni Vishnu, Mzee," Profesa alisema, akishuka kwenye kigoda. "Ana vitu vyote vinne."

"Ni Vishnu, ndiyo. Lakini Vishnu ana sura nyingi, mjukuu wangu, na utaijua sura kwa kuangalia ameshika nini katika mkono upi. Vitu vinne, mikono minne: mipangilio ishirini na minne, na kila mpangilio una jina lake. Sisi tuliagiza Keshava. Kombe na gurudumu juu, ua na rungu chini. Huyu hapa ni Narayana. Hekalu zima linamsubiri Keshava, na jina lake tumekwisha kulichonga ukutani." Alimtazama Profesa. "Nani aliyempanga hivi?"

Hapo palikuwa na jibu fupi la kweli. Profesa alilifikia kabisa, likamfika hadi kwenye ulimi. Lakini akaona maharage, gunia kwa gunia, mpaka shule ifunguliwe.

"Shangazi," alisema.

Dada alimkodolea macho. Profesa akayakwepa.

Mzee hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliketi juu ya kigoda kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa. "Fundi yule," alisema polepole. "Hakuwahi kukosea hata ukucha wa mungu."

Shangazi aliingia wakati huohuo na kopo la gundi mkononi. "Mzee wangu! Mbona mapema? Karibu, karibu." Ndipo alipoiona sanamu. Akasimama. Midomo yake ilitikisika bila sauti, akihesabu mikono.

"Wanasema umempanga wewe, Fundi," Mzee alisema kwa upole.

Shangazi alimtazama Profesa, na Profesa akaitazama sakafu. Shangazi hakuwa na sababu ya kumshuku. Alikuwa amemkataza, naye aliitikia.

"Basi nimempanga mimi," Shangazi alisema. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akatazama tena. "Asubuhi niliona ni Keshava. Naapa niliona kombe juu. Nilimtazama kwa macho yangu haya." Aliketi kwenye benchi lake, akaweka kopo la gundi chini. "Nikisahau miwani nilikuwa nacheka. Nilisema, miwani si kitu. Lakini kama na hili limenitoka kichwani, Mzee, ile milango ya hekalu mliyoniagiza nichonge, mpeni fundi mwingine. Afadhali niache mwenyewe kuliko kuwaharibia."

Alianza kukusanya patasi zake, moja moja, na kuzikunja ndani ya kipande chake cha ngozi kama anavyofanya mtu asiyetarajia kuzikunjua tena.

Profesa aliziangalia patasi zikikunjwa. Alikuwa amedhani kwamba uongo wake ungemletea Shangazi karipio dogo la mteja, basi. Sasa aliona umeingia kichwani mwa Shangazi na kumwambia kwamba kichwa hicho kimekwisha. Aliona uchungu, akajichukia, na maharage yakapoteza maana yote.

"Ni mimi!" alisema, na machozi yakamwagika. "Shangazi, usikunje! Wewe ulipanga Keshava. Mimi nilichomoa vyote nikapangusa, nikasahau, nikasema gurudumu hukaa chini. Nikasema uongo kwamba ni wewe. Hukukosea. Hukukosea hata kidogo!"

Shangazi aliinuka taratibu, na Profesa akafumba macho kusubiri.

"Kumbe nilipanga kombe juu?" Shangazi aliuliza.

"Juu, Shangazi."

"Na gurudumu juu?"

"Juu."

"Kumbe mzima!" Shangazi alipiga kelele, akamshika Mzee wa Hekalu mikono miwili na kumzungusha karakana nzima, mpaka kofia ya Mzee ikamwangukia Ganesha kichwani. "Mzee wangu, mimi mzima! Kichwa kipo! Mwizi wake ndiye huyu hapa!"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Profesa alicheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata yeye hakujua kwamba linawezekana.

Lakini furaha ya Shangazi haikumfanya asahau. Alipomaliza kuhema, alimwita Profesa, akamketisha mbele yake.

"Nisikilize vizuri, mwanangu. Kuchomoa vile vitu ni utundu, na utundu una adhabu yake. Maharage utachambua, tena wiki nzima. Lakini kilichoniumiza si hicho. Ulipokosa kujua, ungesema hujui, ningevipanga kwa muda wa kupiga chafya. Ukaona haya. Ukakisia. Makisio yakahitaji uongo, na uongo ukahitaji mtu wa kuubeba, ukanichagua mimi niliyekuamini. Umeona ulivyokuwa mzito? Umenikalisha chini na patasi zangu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Umesema kweli mbele ya mteja, na hilo halikuwa rahisi. Lakini shika hili: katika kazi hii, na katika kazi yoyote, anayesema 'sijui' hufundishwa. Anayejifanya anajua, nani atamfundisha?"

"Na kwa hekalu letu," Mzee alisema, akiitoa kofia yake juu ya kichwa cha tembo, "milango ni ya Fundi. Atake asitake."

Shangazi alifungua kopo la gundi. Vitu vinne vilichomolewa tena, vikalazwa mezani, na gundi ikapakwa kwenye shina la kombe. Kila mtu alijua kwamba likishaingia halitatoka tena. Badala ya kulichomeka mwenyewe, Shangazi alilitia mkononi mwa Profesa.

"Haya. Mkono upi?"

Mzee alikuwa ametaja vya juu na vya chini, muda mfupi tu uliopita. Kombe lilikuwa juu, hilo Profesa alilishika vizuri. Lakini baada ya kosa lile hata upande aliutilia shaka: kulia kwa Vishnu, au kulia kwake yeye anayemtazama? Alifungua mdomo, na jibu likaja mbio kama kawaida yake, limevaa vizuri, liko tayari kutoka. Akaufunga mdomo. Akalitazama kombe, akautazama uso wa buluu, akamgeukia Shangazi.

"Sijui, Shangazi," alisema.

Shangazi aliushika mkono wake na kuuongoza juu, kulia kwa Vishnu.

"Vizuri," alisema. "Sasa umeanza kuwa fundi."