Mlevi wa Ngama ya Pili

Wageni walipouona mwili wa Merv Haddrick, kwanza walicheka.

Hawakuwa na kosa. Chini kabisa ya ngama ya pili ya meli Wirrabara, katika tumbo la chuma ambamo zamani yalipangwa marobota ya sufu, makumbusho yalikuwa yameweka mwanasesere wa kimo cha mtu, kavishwa nguo za kuli, kashikishwa chupa. Wakamwita Frank Mlevi. Ziara zote ziliishia kwake. Jumapili ile mchana wageni waliinama juu ya mnyororo uliozunguka mdomo wa ngama, wakachungulia chini, na mmoja wao akapaza sauti:

"Leo Frank kapata mwenzake!"

Mwenzake alikuwa anavuja damu.

Inspekta Lorna Trezise alipofika, utepe wa polisi ulikuwa tayari umefungwa melini, na upepo wa Port Adelaide ulikuwa ukiuchapa huku na huku. Alishuka ngazi ya chuma polepole, akiyalaani magoti yake. Sajini Vinh Quach alimngojea chini na tochi.

"Hii nyepesi, bosi," alisema Vinh. "Mzee wa watu, mwongoza wageni wa humu, anakaribia themanini, miguu haina nguvu, kateleza. Mpira hautakwisha kabla hatujafika nyumbani."

"Mpira utausikia redioni. Daktari, unasemaje?"

Daktari wa polisi hakuinua kichwa. "Shingo imevunjika. Hakuteseka. Ila tazama kucha za mkono huu wa kulia. Hii ni ngozi ya mtu, na si yake. Kabla ya kuanguka, alimng'ang'ania mtu."

Vinh akasahau mpira.

Lorna aliigeuza tochi. Hatua chache kutoka kwa marehemu, mwanasesere alikuwa amelala chali, amenyooka, mikono imekunjwa kifuani. Koti lake lilifungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kofia ilikuwa imewekwa kando yake, kwa adabu.

"Huwa analala hivi?"

"Hapana," alijibu Vinh. "Kwenye picha pale mlangoni amekaa kihasarahasara, ulimi nje, chupa mkononi."

"Chupa iko wapi?"

Waliitafuta ngama nzima. Haikuwapo.

Lorna alichutama mbele ya mwanasesere. Vifungo vyeusi vya koti vilikuwa na vumbi jeupe. Aliligusa kwa ncha ya glavu, akalinusa. Unga wa ngano.

"Vinh, mtu alisimama hapa na maiti ambayo haijapoa miguuni pake. Maiti hakuifumba hata macho. Lakini mdoli huu aliulaza kama mtu anayemlaza mzazi wake. Huyu Frank ni nani?"

"Ni mdoli, bosi."

"Nenda kaulize."

*

Kelvin Ashby, msimamizi wa makumbusho, alihojiwa katika chumba cha kulia cha nahodha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye tai iliyopinda na jasho lisilokauka.

"Uligombana na marehemu asubuhi," Lorna alianza.

"Nani kasema?"

"Kila mwenye masikio. Mligombania nini?"

"Mwanasesere. Watu walikuwa wanalalamika. Nilimwambia Merv tumtoe. Akaniambia hadithi ya Frank ndiyo inayowaleta watu, na mimi sijawahi kubeba hata kamba melini."

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika, ndiyo. Lakini kuua? Inspekta, mimi nikiona panya naita watu!"

"Baada ya ziara ya asubuhi ulikuwa wapi?"

Kelvin alitazama chini. "Kwenye gari langu. Nimelala. Msiwaambie wadhamini."

"Mikono juu. Kunja mikono ya shati."

Alikunja. Mikono ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo.

"Hadithi yenyewe inasemaje?"

"Kwamba miaka ya sitini kuli mmoja, Mkroati, alikuja kazini kalewa chakari, akatumbukia ngama ya pili. Merv alikuwa baharia kijana humu humu, alikuwapo. Anaiigiza vizuri sana, yale mayumbo ya mlevi, lafudhi yake... Wageni hushika mbavu."

"Jina la ukoo la huyo kuli?"

Kelvin alitikisa kichwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

*

Vinh hakwenda mbali. Mitaa miwili kutoka gatini palikuwa na klabu ya Wakroati, na ndani yake wazee waliokuwa wakicheza karata. Alipotaja kuli aliyefia Wirrabara, karata zikawekwa mezani.

Alirudi uso umebadilika.

"Aliitwa Frane Marušić, bosi. Na hakuwa mlevi. Bibi mmoja pale amenishika ukosi wa shati kabisa: 'Kijana, Frane hakuonja hata divai ya harusi yake!' Polisi wa wakati ule waliwasikiliza mabaharia, wakaandika ulevi. Mjane akanyimwa fidia, akafua nguo za watu hadi akafa."

"Watoto?"

"Binti mmoja. Ameolewa na mtu aitwaye Hocking."

Lorna aliyatazama mlangoni majina ya waliojitolea kuhudumu siku ile. Kwenye mkahawa: Jenny Hocking.

*

Mkahawa wa Wirrabara ulikuwa nyuma ya meli, katika jiko la zamani la mabaharia. Mama wa miaka sitini na ushei alikuwa akisukuma donge la skonzi juu ya meza iliyojaa unga, ingawa wateja walikuwa wamefukuzwa tangu mchana. Kwenye ukingo wa sinki ilisimama chupa tupu, imeoshwa, imefutwa ikang'aa.

"Chai, Inspekta?"

"Hapana, mama. Hicho kitambaa cha mkononi?"

"Tanuri limeniunguza."

"Kifungue nione."

Mikono ya Jenny ilisimama juu ya donge. Injini ya boti ilipita nje, ikapotea. Vinh alisogea mlangoni.

"Mama Hocking," Lorna alisema kwa upole, "hulazimiki kusema lolote, na utakalosema laweza kutumika mahakamani. Lakini chini ya kucha za Merv pana ngozi, na maabara itaniambia ni ya nani. Na yule mwanasesere ana unga kwenye vifungo. Ulimfunga baba yako koti."

Jenny alikaa. Alikifungua kitambaa mwenyewe. Michubuko minne mirefu, mibichi, ilishuka kutoka kwenye kiwiko cha mkono hadi kiganjani.

"Nilikuja hapa kama mgeni," alisema. "Mwaka jana, na wajukuu zangu. Nilitaka waione meli aliyofanyia kazi baba yangu. Sikuwaambia kafia humu, bado wadogo. Tukafika kwa Merv. Akaanza kuyumba, akakoroma, akaiga Kiingereza chake kibovu. Wajukuu zangu wakacheka, Inspekta. Wanamcheka baba wa bibi yao, mdogo wao anapiga makofi. Na mimi nimesimama pale sina sauti."

"Ukajitolea kazi mkahawani."

"Nilidhani nitamzoea, kisha nimwombe. Kila Jumapili nampa chai, namkatia pai, nakosa ujasiri. Leo nikamfuata pale kwenye mdomo wa ngama, nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia, 'Merv, nakuomba, itoe ile chupa tu. Mengine basi.'"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Si kwa ubaya, ndilo jambo lililoniuma. Akasema, 'Usijali, dada, Frank mwenyewe angecheka.' Akauvuka mnyororo akae ukingoni, amwigize tena mbele yangu. Nikamsukuma. Nilitaka kusema sikukusudia. Nilikusudia."

"Hakuanguka hapo hapo."

"Aliudaka ukingo. Mkono mmoja. Nikaona uso wake, mzee tu, kafungua macho kama mtoto. Hasira zote zikanitoka. Nikalala kifudifudi, nikamshika mkono, naye akanishika. Nilikuwa namvuta, Inspekta! Mguu wake mmoja ulishapata pa kukanyaga."

"Kisha?"

"Hofu ikamfungua mdomo. Nadhani alidhani ninataka kuungama kwake ndipo nimwokoe. Akasema, 'Ni mimi! Mimi ndiye niliyeacha wazi mbao za kufunika ngama! Nilikwenda kuvuta sigara, baba yako akapita gizani. Nisamehe, nisamehe!' Nikaendelea kuvuta. Naapa niliendelea. Nikamuuliza jambo moja tu. Mama yangu alilia nalo maisha yake yote. Nikamuuliza kama baba alikufa papo hapo."

Sauti yake ilishuka hadi Vinh akalazimika kusogea.

"Akasema hapana. Akasema aliita kwa muda mrefu. Yeye Merv alikuwa juu, anamsikia, anaogopa kufungwa. Akazirudisha mbao, moja moja, mpaka sauti ikawa haisikiki. Kisha akaenda kula. Chupa aliirusha ndani baadaye, walipokuwa wanamtafuta."

"Baba yako alikuwa akimwita nani?"

"Merv hakujua Kikroati. Alidhani ni neno la kuomba msaada. Alilikumbuka lakini, miaka yote hii, akanitamkia vizuri kabisa." Jenny aliinua macho. "Jadranka. Ni mimi. Huku mjini wakaligeuza Jenny. Nilikuwa na miaka sita, niko nyumbani namngoja. Nikafungua vidole."

Donge la skonzi lilikuwa likikauka mezani.

Katika kazi yake Lorna alikuwa ameuliza maswali mengi ambayo hayakuhitajika kwenye jalada. Hili nalo halikuhitajika. Aliliuliza.

"Kama angekudanganya? Kama angesema alikufa papo hapo?"

Jenny hakufikiri.

"Ningemvuta."

Lorna alimfunga upya kile kitambaa, kisha akamwashiria Vinh alete pingu.