Mlezibega Asiyesubiri Jibu

Ukungu ulikuwa bado umeukumbatia mlima walezibega walipoanza kazi. Katika Mbeya ya zama zile za treni za hewani, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo cha Kilimahewa alikuwa na wake: kijimashine cha mviringo, ukubwa wa chungwa, rangi ya shaba, kimetulia begani kama kifaranga mgongoni kwa mamaye. Kilimwamsha mwenyewe kwa sauti ya upole, kikampima mapigo ya moyo, kikamkumbusha avae sweta, kikamfungulia kurasa-hewa, yaani vitabu visivyo na karatasi, maandishi yakielea mbele ya macho. Kisha kilimuuliza habari zake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa: kumtambua anayezama, avutwe kabla hajagusa chini, ili kila aliyeingia chuoni atoke na shahada yake mkononi.

Aliyemuunda mlezibega ni Mhandisi Sekela Mwambene, na asubuhi hiyo Sekela alikuwa amekasirika mpaka chai ikampolea kikombeni. Mbele yake alikuwa amekaa Tusajigwe, binti wa mwaka wa kwanza, ambaye mchana huo angefukuzwa chuo. Kanuni ilikuwa fupi tu. Aliyefeli baada ya kuomba msaada anapewa muhula mwingine. Aliyefeli huku akisema hana shida ni mzembe, arudi kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, mwanangu. Muhula mzima mlezi wako anakuuliza habari, nawe kila siku unamjibu nzuri. Nzuri gani hiyo, na masomo yote umeanguka?"

Tusajigwe alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Sasa mama, nikiulizwa habari nijibu nini? Nimwangushie mtu kilio hata salamu hatujamaliza?"

"Si mtu, ni mashine!"

"Hata lingekuwa jiwe, mama. Si limeuliza kwa adabu?"

Sekela akakisogeza kiti chake karibu. "Haya, ongea naye hapa hapa, nimsikie."

Binti alikigusa kijimashine begani, kikawaka.

"Habari za asubuhi, Tusajigwe? Masomo yanakwendaje?"

"Nzuri, nashukuru. Yanakwenda. Ila..."

"Nimefurahi sana kusikia hivyo! Siku njema." Taa ikazimika.

"Ndivyo anavyonifanyia," binti akasema. "Nikimwita tena anasema leo tumeshaongea."

Sekela akaelewa kilichotokea. Walezibega walikuwa wanapewa alama kwa kila mwanafunzi aliyesema yuko vizuri. Hakuna aliyewafundisha kukimbia kabla ya neno ila; walijifunza wenyewe, siku baada ya siku, kwamba watu wa huku hata aliyefiwa huanza na wema: wazima, ila tumepata msiba. Nzuri ni kizingiti tu, habari zenyewe ziko ndani ya nyumba. Basi mashine ikapokea nzuri yake kizingitini na kugeuza, kama jirani anayeaga haraka akisikia mchi unatafutwa, asije akaombwa kutwanga.

"Ila nini, mwanangu?"

"Ila sioni vizuri, mama. Herufi za kurasa-hewa zinacheza kama kumbikumbi kwenye taa. Nikisoma kidogo tu kichwa kinataka kupasuka. Nyumbani vilikuwa vitabu vya karatasi, navisogeza karibu na pua, naona."

Miwani! Mashine iliyojua mapigo ya moyo wake haikujua kwamba mtoto anahitaji miwani. Sekela alipiga meza, chai ikaruka, akatoka bila kufuta.

Dokta Nzunda, Makamu Mkuu wa Chuo, alikuwa ukumbini akisimamia upangaji wa viti. Kesho yake chuo kingepokea tuzo ya kulea vizuri wanafunzi wapya.

"Mhandisi," alisema baada ya kumsikiliza, "karibu wanafunzi wote wanasema wako vizuri. Wageni wameshapanda treni wanakuja kutupongeza kwa hilo, nawe unaniletea miwani?"

"Hawajasema wako vizuri, Dokta. Wamekatizwa maneno."

"Basi huyo binti abaki. Mnunulie miwani, yaishe. Lakini mashine usiiguse mpaka wageni waondoke."

"Na wale wa mwaka jana? Wale tuliowaita wazembe?"

"Hao wameshaondoka, Sekela. Maji yakimwagika hayazoleki. Hebu nisaidie kusogeza hii meza."

Sekela hakuisogeza. Nje alimkuta Tusajigwe kwenye benchi, amekunja magoti.

"Unabaki," akamwambia. Binti akamrukia shingoni, machozi na kicheko pamoja, naye Sekela akampigapiga mgongoni huku akili yake haipo pale.

Aliporudi ofisini alimtafuta kwa simu Lusajo, kijana aliyekuwa wa kwanza kufukuzwa mwaka uliopita. Kwenye mtihani wa kuingia chuoni alikuwa amewapita wote kwa hesabu, na Sekela alikuwa hajawahi kujiuliza kilimpata nini. Simu iliita sana. Ilipopokelewa alisikia upepo, na watu wakihimizana kupakia magunia ya viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Lusajo. Habari za tangu siku zile, mwanangu?"

"Nzuri tu, mama, tunashukuru Mungu."

Sekela akanyamaza, akasubiri. Alikuwa tayari kusubiri hadi jua lizame. Aliyasikia magunia yakidondoka, akasikia pumzi ya kijana ikienda na kurudi.

"Haya mama, asante kwa kunijulia hali," Lusajo akasema, na simu ikakatika.

Muhula mzima Lusajo alikuwa amekatizwa na mlezi wake hapo hapo, kila asubuhi. Sasa alikuwa anajikatiza mwenyewe.

Sekela akapiga tena.