Kamera Iliyomtafuta Kasiva

— Nzuki, niambie ukweli. Hapa bibi harusi ni mimi ama ni huyu?

Mbula aliuliza hivyo akiwa amesimama mbele ya kompyuta studioni kwa Nzuki, kidole kimebonyeza skrini mpaka kikaacha alama. Ilikuwa picha ya ntheo yake, aliyofanyiwa kwa wazazi wake kule Nunguni. Ntheo ndiyo siku mbuzi wa bwana huchinjwa kwa kina msichana, na kuanzia hapo kila Mkamba anajua huyo ni mke wa mtu. Siku hiyo wasichana walifunikwa leso kutoka kichwani hadi magotini, bwana akapita mbele yao, akachagua wake, akamfunua. Jambo kama hilo halirudiwi eti kwa sababu mpiga picha amekosea. Na Nzuki alikuwa amekosea. Uso wa Mbula ulikuwa ukungu mtupu. Aliyeonekana wazi, kope kwa kope, alikuwa Kasiva, msichana wa mekapu, amesimama nyuma kabisa na brashi mkononi.

— Songesha hiyo nyingine.

Nzuki akasongesha. Mbula ukungu, Kasiva wazi.

— Nyingine.

Vilevile. Jasho likamtoka Nzuki, na asubuhi za Kwa Vonza si za kutoa mtu jasho.

— Mbula, aki pole. Hii kamera huwa inaruka. Unaielekeza kwa mtu, inaenda kwa mwingine. Iko na kichwa ngumu.

— Kichwa ngumu ni chako. Si ulituambia hii ni mirrorless ya kisasa, ati inafuata jicho la mtu yenyewe?

— Inafuata.

— Imefuata la nani?

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, Kavata alikuwa anasikiliza huku mguu wake ukitikisika. Kavata ni mchumba wa Nzuki na mwenzake kazini, na kama kuna kitu Mungu alisahau kumpa, ni kutulia. Akikaa mguu unacheza. Akisimama anahamisha uzito huku na huku. Hata kanisani mchungaji ameshawahi kukatiza maombi akauliza nani anapiga benchi teke.

Aliinuka, akatoa kamera yake ndogo kwenye mfuko wa sketi. Ni ile ya kuingia mfukoni, lenzi yake inatoka yenyewe ikilia *zzz* na kurudi ndani.

— Mbula, hebu ona hizi. Nilikuwa napiga tu nikiwa nimekaa na wale wazee, kina shosho.

Akachomeka kadi. Mbula akajiona anafunuliwa leso, kinywa wazi, chozi limefika kwenye shavu na bado anacheka. Mumewe anaonekana. Mama anaonekana. Hata mbuzi wanaonekana kule nyuma, kila mtu na kila kitu wazi.

— Sasa ona, Mbula akasema, sauti imeshuka. Haka kadude kanaingia mfukoni, na ndiko kameniona.

— Kana kisensa kidogo cha kunasa mwanga, Nzuki akajitetea. Kwa giza hakafanyi kitu. Na hakawezi kufifisha nyuma ya mtu, kanaweka kila kitu sawa tu.

— Kwani ni vibaya?

Mbula akachukua picha za kamera ndogo, akaenda zake dukani kwake bila kuaga vizuri.

Mlango ulipofungwa, Kavata alisema:

— Haijaruka.

— Nini?

— Kamera. Harusi ya Kitui, Kasiva yuko wazi. Ile ya kanisani, Kasiva yuko wazi. Nunguni, Kasiva. Kuruka gani huko kunaangukia mtu mmoja kila siku?

— Kavata, usianze.

— Na hii message ya Kasiva ilikuwa ya nini?

Alikuwa ameiona kwenye simu ya Nzuki juzi, akaimeza, nayo haikushuka: "Asante kwa picha 😂 wewe ndio unanionanga vizuri kuliko watu wote."

— Ni picha za kazi! Anaweka kwa page yake ya mekapu. Aliomba, nikatuma.

Kavata aliinyakua ile kamera kubwa, akaingia kwenye menyu, ambayo ina kurasa nyingi kuliko kitabu cha nyimbo na ambayo Nzuki hakuwahi kuimaliza tangu ainunue. Akapita mipangilio ya fokasi, akapita ya nyuso, akasimama. Mguu pia ukasimama.

— Nzuki. Njoo hapa.

Kwenye skrini palikuwa na sehemu ya kuandikisha sura, ili kamera ikiona watu wengi imtafute huyo kwanza. Sura iliyoandikishwa ilikuwa moja tu. Kasiva, anatabasamu, kijipicha kidogo kama cha kitambulisho.

— Hiyo sijaweka mimi.

— Imejiweka?

— Kavata, naapa sikujua hata kama kuna kitu kama hiyo! Hii kamera nilinunua ikiwa imetumika, unajua. Ilikuwa ya Kaloki, yule mpiga picha.

— Kaloki wa Kitui anahusiana wapi na Kasiva? Usinione mjinga.

— Sijui! Nakuambia sijui!

— Jumamosi mama yako analeta mbuzi kwetu. Ntheo yangu, Nzuki. Na kamera yako imefunzwa kutafuta mwanamke mwingine. Sura yangu hata hakuna.

Akaning'iniza kamera kubwa shingoni, akatoka nayo. Ile yake ndogo ilibaki mezani, na hasira haikumruhusu kurudi kuichukua.

Jioni hiyo Kavata alikuwa Mutomo, kwa wazazi wake, akiosha vikombe.

— Hicho umekiosha tayari, mama yake akasema.

— Bado ni kichafu, mwaitu.

— Kavata. Kuna nini?

— Hakuna.

Akatoka nje kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa, mbuzi wakamkimbia. Akapigia mama Nzuki simu, akasema haraka kabla ujasiri haujaisha:

— Mama, msilete mbuzi Jumamosi.

— Nini? Mbuzi wako hapa wamefungwa tayari. Niwaambie nini?

— Muulize Nzuki.

Akakata. Kisha akalia, kilio cha kweli, kwa sababu alimpenda huyo mwanaume vibaya sana, na alikuwa amejifukuzia wakwe kwa mkono wake mwenyewe.

Ujumbe wa Nzuki ukaingia.

"Kavata shika simu."

Halafu:

"Ok usishike. Lakini rudisha kamera, kesho niko na kazi ya watu."

Msomaji, wanaume wengine hawajui kuandika. Kavata aliujibu ule ujumbe:

"Tumia ya mfukoni. Si ulisema hakafanyi kitu?"

Hakulala vizuri. Asubuhi akawa amechoka kumwazia Kasiva kimya kimya, akampigia.

— Kasiva, nikuulize kitu na usinizungushe. Wewe na Nzuki kuna nini?

Kasiva alicheka kwanza, akidhani ni mchezo. Aliposikia Kavata hacheki, akaacha.

— Kavata, mimi nipake bibi harusi mekapu halafu nimchukue bwana yake? Kwani nina wazimu? Nzuki hata salamu yake ni ya kuvuta.

— Kamera yake inakujua sura.

— Inanijua aje?

— Kuna mtu alikuandikisha ndani.

Kasiva akasema polepole:

— Hiyo kamera si ndiyo ilikuwa ya Kaloki? Zamani alinikalisha kwa kiti, ati anajaribu lenzi. Akaniambia, tulia, niangalie hapa. Nikakaa dakika mbili. Sikujua ni nini.

Kavata alikata simu bila kusema kwaheri, akampigia Kaloki, ambaye namba yake ilikuwa kwenye kila bango la harusi Kitui.

— Kaloki, ni Kavata wa Nzuki. Ile kamera uliyotuuzia.

— Imeharibika?

— Iko sawa. Inamtafuta Kasiva.

Akadhani laini imekatika.

— Kaloki?

— Bado inamtafuta? akauliza Kaloki.

Alivyouliza hivyo, hasira yote ya Kavata ikaisha, akabaki ameshika simu kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha.

— Wewe ndio ulimweka.

— Ni mimi. Yuko kila harusi, akipaka watu mekapu. Nilikuwa nasema ni kujaribu tu. Halafu nikiinua kamera, watu mia, inaenda kwake. Nikaona nitakuwa wazimu. Nikaiuza.

— Si ungeitoa tu hiyo sura?

— Nilijaribu. Inakuuliza, futa? Ndio ama hapana. Nikashindwa kubonyeza ndio.

— Na ulimwambia Kasiva?

— Mimi? Nimwambie nini? Mimi huongea na watu nikiwa nyuma ya kamera.

— Kaloki, hiyo sura imenivunjia ntheo.

— Aki Kavata... Mungu wangu. Nitampigia Nzuki. Nitampigia mama yake. Nitapigia yeyote unataka.

— Sasa nifute?

Kaloki alivuta pumzi mpaka Kavata akaisikia.

— Futa, akasema.

Kavata akabonyeza ndio. Kamera ikafikiria kidogo, na ile nafasi ikabaki tupu.

Kubomoa ni rahisi. Alipompigia mama Nzuki tena, mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu:

— Kavata, mimi si wa kuambiwa leo hivi kesho vile. Ongea na Nzuki. Akisema twende, tutaenda.

Nzuki hakushika. Ikaita, ikaita. Siku hiyo nzima hakushika, na kesho yake pia. Kavata akafua mapazia. Akaosha hata mifuko ya unga. Mama yake akaacha kuuliza. Halafu Ijumaa mchana ikaja message ndefu:

"Kaloki amenieleza. Kavata nimefanya kazi na hii kamera yako ndogo. Watu hawaiogopi, wanasahau iko. Nikaangalia picha zako zote. Niko hapo nikikula mahindi. Niko nikilala kwa kiti. Niko nikitengeneza mlango. Sijui ulinipiga saa ngapi. Halafu nikatafuta zako kwa kompyuta, nikakosa hata moja poa. Mtu wangu, na sina picha yake. Hiyo ndio imeniuma kuliko maneno yako."

Kavata aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akitembea. Akaandika:

"Nisamehe. Niliamini mashine nikakuacha wewe. Kesho mnakuja?"

Tiki mbili, za bluu. Hakujibu.

Jumamosi jua la Mutomo lilitoka na ukali wake wa kawaida. Shangazi walipika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika wa kuwaambia wasipike. Kasiva alifika na sanduku la mekapu bila kuitwa.

— Kaa, nikupake.

— Wasipokuja?

— Utakuwa umepakwa. Tulia basi, nitakutoboa jicho!

Alikuwa anamalizia midomo waliposikia mbuzi. Hawakuwa wa hapo nyumbani, maana hao Kavata aliwajua sauti. Kisha wanawake wa upande wa pili wakaanza kuimba langoni, na sauti ya mama Nzuki ikiwa juu ya zote. Kavata akamshika Kasiva mkono kwa nguvu mpaka brashi ikaanguka.

Mchungaji akaomba, wazee wakasalimiana, Kaloki, aliyekuja na kina Nzuki, akakabidhiwa ile kamera kubwa apige. Wasichana wakapangwa na kufunikwa, na kwa vile mmoja alipungua, shangazi wakamvuta Kasiva naye wakamtupia leso ya njano.

— Msikae kama mnamsaidia, shangazi akawaonya. Hakuna kukohoa, hakuna kutikisika. Akikosea, analeta mbuzi wa faini.

Chini ya leso Kavata aliona vumbi na vidole vya miguu yake tu. Alitamani kutambuliwa, na wakati huo huo alitaka ajue kama Nzuki anaweza bila kusaidiwa. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, akatulia. Akabana magoti. Akazuia hata pumzi.

Viatu vya Nzuki vikaja, vikasimama mbele yake, vikapita.

Akavisikia vikienda hadi mwisho wa mstari, ambako alijua Kasiva amesimama. Vikakaa huko. Wanawake wakaanza kucheka. Hapo Kavata hakuweza tena, mguu ukaanza kucheza wenyewe kwa hofu.

Viatu vikarudi mbio. Leso ikainuliwa.

— Mwende, akasema Nzuki, yaani mpenzi kwa Kikamba.

Vigelegele vilipasuka. Kavata alikuwa analia na mekapu yote.

— Ulinipita!

— Wote walikuwa wametulia. Nikasema, huyu si wangu, wangu hawezi kusimama hivi. Nikaogopa umetoroka.

— Na kule mwisho ulisimamia nini?

— Nilikuwa nimeinama nikiangalia miguu ya watu wote.

Akaingiza mkono kwenye suti yake mpya, akatoa ile kamera ndogo. *Zzz*, lenzi ikatoka.

— Usifute uso, niangalie hivyo hivyo.

— Nimeharibika!

— Ndio nataka.

Akapiga, mbele ya wazee, akiwa karibu mno. Baadaye, mbuzi akiwa motoni, Kaloki alikuja kuwaonyesha yake. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua: chozi la Kavata wazi, na nyuma yote laini kama maziwa. Katika ulaini huo kulikuwa na mtu wa leso ya njano.

— Huyu nyuma ni nani? Nzuki akauliza.

Kaloki akaitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

— Hata mimi simwoni vizuri, akasema.

Kavata akamkanyaga Nzuki anyamaze. Kisha akageuka:

— Kasiva! Njoo hapa tupigwe! Kaloki, weka hiyo bunduki yako chini, na wewe uingie.

— Mimi huwa sipigwi, Kaloki akasema.

— Leo unapigwa. Mbula, kuja utupige na hii ya mfukoni.

Mbula, aliyealikwa na aliyekuwa ameshasamehe, akaipokea. Walisimama wanne wamebanana, na kwa kuwa Nzuki alikuwa amemshika mkewe, Kasiva hakupata mahali pengine ila kando ya Kaloki. Akamtazama, akasema kwa sauti ndogo:

— Kwa hivyo unakuwanga na uso. Nilizoea kuona lenzi tu.

Kaloki akacheka, na hapo ndipo Mbula alipobonyeza.

Picha hiyo iko ukutani kwao Kwa Vonza mpaka leo. Wote wanne wanaonekana wazi, pamoja na nyumba, moshi na wakwe kule nyuma. Kitu kimoja tu ndicho kimetoka na ukungu, nacho ni mguu wa Kavata.