Onyo Alilolibeba Hani

Kila alasiri, Hani alipotoka madrasa, alipitia kibanda cha Adeer Salah, baba yake mdogo, sokoni Garissa. Mwaka huo wa 1997 watu walifika hapo kuzungumza kwa redio ya mawasiliano na jamaa zao wa Hulugho, Banissa na Nairobi, na foleni nzima ilisikia kila neno. Mjini humo ukisalimiwa huulizwa habari, na Hani alichukia kujibu kwamba hana.

Siku moja kijana wa Nairobi alimwambia mteja redioni, "Kuna virusi vya kompyuta! Futeni kila kitu kabla ya Ijumaa, la sivyo mashine zitakufa!"

Hani hakungoja kusikia zaidi. Aliwatangazia wote aliokutana nao njiani, kisha akamkimbilia shangazi yake, Eeddo Osob, karani wa chama cha akina mama. Katika kompyuta ya chama, Osob alikuwa amechapa masimulizi aliyosimuliwa na marehemu baba yake, Mzee Gelle, kabla hajafa: visima alivyochimba, ukame aliouvuka, mashairi ya ngamia wake. Alikuwa akingoja wino wa printa ili ayachapishe kwenye karatasi.

"Nani kasema?" Osob aliuliza.

"Mtaalamu wa Nairobi, wallahi! Eeddo, lisemwalo lipo!"

Mtaalamu gani! Hata jina la kijana yule Hani hakulijua. Lakini alikuwa ameapa, na Osob akamwamini. Alifuta mashine yote, na disketi zake pia.

Salah aliposikia alimwita redioni fundi wa kompyuta anayemfahamu. Fundi alicheka. "Huo ni uzushi. Msifute kitu."

Osob, aliyekuwa amekuja kibandani na Hani, alilia mbele ya foleni nzima.

"Hani," Salah alisema kwa hasira, "tukiambiwa mvua imenyesha Bura, tunahamisha ngamia papo hapo?"

"Hapana, adeer. Tunatuma sahan, mtu akazione nyasi kwa macho yake."

"Na onyo ni vivyo hivyo. Muulize aliyelitoa amelijuaje, kisha muulize anayeijua kazi hiyo. Huna hakika? Nyamaza!"

Hani alizunguka nyumba kwa nyumba akikanusha, na wengine wakaokoa kazi zao. Kisha akarudi kwa Osob.

"Eeddo, nisamehe. Nitakusaidia kuchapa upya."

"Tuchape nini? Watu wote naweza kuwaita redioni niwaulize tena," Osob alisema. "Baba yangu nitamwita wapi?"